Shajara ya mradi wa mapokezi: mbwa watano wapya

Kabla ya gari kufika

Upande wa wageni, yaani mbwa wapya wanaofika kwenye makao yetu ya mbwa, umekamilika. Una vizimba vitatu, mlango wa nje na mlango wa ndani, bomba lake la maji, na mfereji wa maji machafu usiopita kwa mbwa wetu wa siku zote. Wanaokuja ni watano. Mzee na Kijivu wamelelewa nyumba moja maisha yao yote mpaka mwenyewe akaugua na kushindwa kuwatunza. Duma ni jike kijana aliyeokotwa barabarani, amekonda. Kisha kuna watoto wawili waliokutwa bila mama, ambao tumeshawaita Tone na Tope kabla hata ya kuwaona, kwa sababu ya rangi zao kwenye picha tuliyotumiwa.

Naliandika hapa juu kabisa ili kila anayeshika zamu alisome kabla hajafungua mlango: mbwa aliyefika leo anahitaji utulivu kuliko anavyohitaji mapenzi yetu. Mikono mingi, sauti nyingi na nyuso nyingi humchosha. Maandalizi yote tuliyofanya yamelenga kumpunguzia mambo.

Tulianza na sakafu. Saruji ya zamani ilikuwa na nyufa, na nyufa ni maficho ya parvo, kirusi cha kuhara kinachoua watoto wa mbwa. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1978 na haikuchukua muda kikawa kimeenea duniani kote. Kinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka, kikimsubiri mtoto wa mbwa asiye na chanjo. Sabuni ya kawaida haikiui. Klorini ya nyumbani inakiua, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikiachwa juu ya sakafu kwa dakika kumi, lakini kwanza lazima kinyesi na uchafu viondolewe na sakafu ioshwe, maana uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijakifikia kirusi. Ndiyo maana tumeziba nyufa zote na kusugua sakafu laini. Magodoro ya sponji tumeyaondoa. Badala yake kuna mablanketi yanayofulika.

Viatu na nguo za upande wa wageni havitoki upande wa wageni. Mpangilio wa kazi za kila asubuhi ni huu: mbwa wetu wanaanza, wageni wanafuata, na mgonjwa akiwepo anahudumiwa mwisho. Mtu akitoka kwa wageni harudi kwa wakazi mpaka aoge na kubadilisha nguo.

Ndani ya kila kizimba tumeweka sanduku kubwa lenye tundu upande mmoja, la mbwa kuingia na kujificha, na tumetundika taulo linaloziba nusu ya chini ya mlango. Baadhi ya wenzetu waliuliza kama maficho hayatamfanya mbwa azidi kuogopa watu. Uzoefu wa wanaofanya kazi hii unasema kinyume: mwenye pa kukimbilia hutoka mapema zaidi, kwa sababu anajua anaweza kurudi. Asiye na pa kujificha anabaki na njia mbili tu, kuganda au kuuma.

Harufu nayo tumeitafakari sana. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu kati ya milioni 200 na 300; ya mwanadamu ina karibu milioni sita. Kizimba kinachonukia dawa ya marashi kinaweza kuwa adhabu kwake. Sabuni tunayotumia sasa haina manukato, na kila kizimba kinasuuzwa kwa maji mengi na kuachwa kikauke kabisa. Tumewaomba wanaowaleta Mzee na Kijivu waje na blanketi lao la zamani bila kulifua. Wenye haraka ya usafi hawakulipenda ombi hilo, lakini mimi nalisimamia. Kwa mbwa mzee aliyeng'olewa nyumbani kwake, blanketi lile ndilo kitu pekee kitakachokuwa na harufu anayoijua.

Redio ndogo imewekwa kwenye korido, sauti ya chini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliofanywa pamoja na Scottish SPCA, shirika la kulinda wanyama la Uskoti, na kutolewa mwaka 2017 uliona mbwa wa makao wakitulia zaidi kwa rege na roki laini, na kwamba kubadilisha aina ya muziki kunasaidia kwa sababu mbwa huuzoea haraka ule ule. Tutabadilisha. Kuna saa za ukimya pia.

Siku ya kuwasili

Gari liliingia, geti likafungwa nyuma yake, ndipo mlango wa gari ukafunguliwa. Kanuni hii haina ruhusa maalumu kwa mtu yeyote. Mbwa asiyejua alipo akiponyoka hakimbilii popote anapopajua. Anakimbia tu, na anayemfuata mbio anazidi kumsukuma mbali. Kila mmoja alivishwa mkanda wa shingoni na mkanda wa kifuani, kila mkanda na kamba yake, kabla mguu haujagusa ardhi. Mbwa mwenye hofu anajua kurudi nyumanyuma na kuuvua mkanda wa shingoni mara moja.

Tulikuwa watu wachache sana uwanjani. Majirani na marafiki wa mradi walitaka kuja kuwaona, na kila mmoja ana nia njema, lakini tumewaomba wavute subira. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa methali hiyo haifanyi kazi: siku ya tatu ndiyo kwanza anaanza kupata usingizi. Wenye uzoefu husema siku tatu za kupumua, wiki tatu za kujifunza ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwake. Hayo ni makadirio, kila mbwa ana kasi yake, lakini yanasaidia kuwatuliza watu wenye haraka.

Daktari wetu wa wanyama aliwatazama kwa mbali kwanza: wanavyopumua, wanavyokanyaga, kama kuna kikohozi au makamasi. Mbwa aliyepumzika hupumua kati ya mara 10 na 30 kwa dakika. Hawa wote walikuwa wanahema kwa safari na woga, kwa hiyo tulisubiri. Baadaye akapima joto, ambalo kwa mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, akatazama fizi zao. Fizi nzuri ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Kwa Duma hakuendelea zaidi ya hapo. Aliniambia, "Dada, huyu leo tumwache. Hana homa, hatapiki, anakunywa maji. Yaliyobaki yatasubiri." Nampenda daktari anayejua kuacha.

Wote walipitishiwa kifaa cha kusoma chipu, kidude kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, kuanzia katikati ya mabega, kisha ubavuni, kifuani na mpaka kwenye miguu ya mbele, maana chipu huweza kuhama chini ya ngozi. Duma alikuwa nayo. Namba ya tarakimu 15 ikatokea kwenye kioo na sote tukaingiwa na matumaini: kuna mtu anamtafuta! Nimeituma namba hiyo kwenye sajili ya chipu, ambako majina na simu za wenye mbwa huandikishwa. Mpaka jibu litakaporudi, Duma ni mgeni wetu na hatutafuti wa kumchukua.

Usiku wa kwanza

Tone na Tope walilia. Mimi sikubaliani na ushauri kwamba mtoto wa mbwa aachwe alie mpaka achoke. Hajui kwamba kuna kesho. Jana alilala juu ya miili ya ndugu na mama, leo yuko kwenye blanketi geni. Zamu ya usiku imewekewa kitanda cha kukunja kando ya kizimba chao, na mkono unaingizwa kwenye waya wanapoamka. Walilala pua zao zikigusa vidole vya mwenzetu. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo inawasaidia pia. Taulo lazima liwe nene, na lazima wawe na nafasi ya kuhama joto likizidi.

Mzee na Kijivu wako kizimba kimoja. Kuna waliopendekeza kila mgeni awe peke yake ili iwe rahisi kujua kinyesi ni cha nani na nani amekula. Kwa mbwa wengine ningekubali. Hawa wawili hapana. Kijivu haoni, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari alihakikisha kwa taa, kwa sababu mbwa wengi wakizeeka macho huwa na rangi ya samawati iliyofifia na bado wanaona vizuri, na watu hudhani wamepofuka. Kijivu kweli amepofuka, na Mzee ndiye anayemwongoza. Akitoka kwenye sanduku, Kijivu anamfuata, kidevu kikigusa mgongo wake. Kuwatenganisha kwa ajili ya urahisi wetu wa kuandika fomu kungekuwa ukatili.

Siku zilizofuata: Duma

Duma hakutoka sandukuni mtu akiwepo. Kamera ilimwona usiku akija kunywa maji, akinusa kila pembe ya kizimba, akirudi. Hiyo ni habari njema, na niliiandika kwa wino mwekundu kwenye ubao wa zamu: anachunguza. Mbwa aliyekata tamaa hachunguzi.

Nataka walio wapya kwenye zamu wajifunze kumsoma, kwa sababu yeye anasema kila kitu na hasemi kwa sauti. Anapogeuza kichwa pembeni lakini macho yakabaki kwako, weupe wa jicho ukaonekana kama mwezi mwembamba, anakuomba usogee nyuma. Anapolamba pua bila kuwa na chakula, anapopiga miayo asubuhi baada ya kulala usiku mzima, anapojikung'uta kana kwamba amelowa na yeye ni mkavu, zote ni dalili za kubanwa na hofu. Masikio kulala nyuma, mkia kubanwa katikati ya miguu, mwili kuwa mzito na kuganda: hapo umeshakaribia sana. Mbwa akiganda, wewe ondoka taratibu. Watu wengi wanaoumwa husema "alikuwa ametulia tu," kumbe alikuwa ameganda.

Kumbuka pia kwamba mkia kutikisika peke yake hakumaanishi furaha. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mkia huelekea zaidi kulia mbwa anapomwona mwenyewe, na zaidi kushoto anapoona mbwa mgeni anayemtia wasiwasi. Ni jambo la kupendeza kulijua, ila kwa jicho la kawaida ni gumu kuliona, na sitaki mtu aamue kuingiza mkono kwa kutazama mkia. Tazama mwili wote.

Tunachofanya na Duma ni hiki. Mtu anaingia, anakaa chini ubavu ukimwelekea, hamtazami machoni. Watafiti wa Japani waliandika mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa upendo, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Hilo ni la wanaojuana. Kwa mgeni, macho yaliyokazwa ni tishio. Kwa hiyo tunasoma kitu kwa sauti ya kawaida, chochote, na kila baada ya muda tunarusha kipande cha chakula nyuma yake. Nasisitiza: nyuma yake, ndani zaidi ya sanduku. Ukirusha karibu na wewe ili aje, unamgombanisha njaa na hofu yake; atakuja, atachukua, kisha atashtuka kujikuta alipo. Ukirusha mbali, kuja kwako kunageuka kuwa nafuu, na baada ya hapo miguu yake yenyewe ndiyo inayoamua.

Chakula chake kinatolewa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Yeyote anayemwona alivyokonda anatamani kumjazia bakuli, na huo ndio mtego. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damuni, hasa fosfeti, hushuka kwa kasi, na moyo na misuli vinaweza kushindwa. Tunapandisha kiasi hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari, na anapimwa uzito kwa mizani iliyowekwa chini ya mkeka wake ili asihitaji kubebwa.

Amechukua chakula mtu akiwa amekaa. Kwanza alivuta shingo tu, kisha mguu mmoja ukatoka nje ya sanduku. Leo ametoka mwili mzima, akala, akamnusa mwenzetu kisigino, akarudi. Mwenzetu hakusogeza hata kidole, na alitoka kizimbani machozi yakimlenga. Namwelewa kabisa.

Karantini na orodha ya daktari

Wageni wote wanakaa siku 14 bila kukutana na wakazi. Parvo kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki moja hadi mbili tangu maambukizi, na kikohozi cha mabandani hakichelewi zaidi ya hapo. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, inaweza kukawia zaidi, kwa hiyo hata baada ya karantini jicho halilali: macho yenye usaha, makamasi mazito, misuli inayorukaruka, vyote vinaripotiwa siku hiyo hiyo.

Minyoo tumeianza mara moja. Watoto wa mbwa huzaliwa nayo. Minyoo mviringo hupita kutoka kwa mama kwenye kondo na kwenye maziwa, ndiyo maana dawa huanza wakiwa na umri wa wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili. Mayai yake yanaweza kumpata binadamu pia, kwa hiyo mikono inaoshwa kila mara, na kinyesi kinaokotwa kabla hakijakauka. Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliomo. Mayai na mabuu yako kwenye mablanketi, na kiroboto ndiye anayemletea mbwa tegu, mbwa anapomtafuna na kummeza. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda kutani na kuishi kwenye pembe za banda, naye huambukiza erlikia, ugonjwa wa bakteria wa damu. Tunakagua masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia kila jioni kwa wale wanaokubali kuguswa. Duma anapewa dawa ya kumeza ndani ya chakula.

Kichaa cha mbwa kinastahili aya yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 hivi kwa mwaka, na karibu vyote vinatokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo inazuia, na hivyo ndivyo ilivyo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa mwaka 1885. Wahudumu wote wa mradi wamechanjwa kabla ya kuanza. Mbwa wazima wote watatu wamechanjwa sasa. Bango limebandikwa mlangoni: ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni unayempenda.

Tone na Tope: saa haiwasubiri

Hapa ndipo mradi ulipotutaka tufikiri zaidi. Meno ya utotoni yalimwonyesha daktari kwamba wana wiki saba hivi. Chanjo zao zinaanza sasa na zitarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka wapite wiki 16, kwa sababu kinga waliyonyonya kwa mama, ikiwa bado ipo, huizima chanjo, na hakuna ajuaye kwa macho siku ambayo kinga hiyo inaisha. Mpaka hapo hawaruhusiwi kukanyaga ardhi waliyopita mbwa wengine.

Lakini kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 au 14 hivi ndicho kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kuipokea dunia. John Paul Scott na John Fuller waliofanya utafiti wao Bar Harbor nchini Marekani walionyesha hilo miongo mingi iliyopita: mtoto asiyekutana na watu katika dirisha hili hubaki na woga ambao ni mgumu sana kuondolewa baadaye. Ukiwafungia mpaka chanjo ziishe, utapata mbwa wenye afya ya mwili wasioweza kuishi na watu.

Tumeamua kuileta dunia kwao. Kizimba chao sasa kina sehemu ya mkeka, sehemu ya mbao, sehemu ya karatasi inayochakarisha, na beseni lililopinduliwa la kupanda na kuteleza. Wahudumu huingia kwa mavazi tofauti: kofia, mwavuli unaofunguliwa taratibu, fimbo ya kutembelea, miwani. Watu wazima na watoto wakubwa waliofundishwa kukaa chini wamekuja mmoja mmoja, viatu vimevuliwa, mikono imeoshwa. Sauti za pikipiki, ngurumo na mtoto anayelia zinapigwa kwenye redio kwa sauti ya chini wakati wanakula. Wanabebwa mikononi kutazama geti, magari na kuku wa jirani. Kila siku miguu yao inashikwa, masikio yanafunuliwa na midomo inafunguliwa kwa sekunde chache, kisha wanapata kitamu, ili siku ya daktari isiwe ya vita.

Tone anajitupa kwenye kila kitu. Tope anasubiri aone Tone hajafa, ndipo anasogea. Hatumsukumi. Akirudi nyuma, tunakisogeza kitu mbali na kumwacha akiangalie kutoka anapopaweza. Tumeanza pia kuwapa kila mmoja muda wake peke yake, dakika chache na mhudumu mmoja, kwa kuwa ndugu wanaokua pamoja saa zote hushindwa kujitegemea wanapotengana.

Mzee na bakuli lake

Mzee alinguruma mhudumu alipopita karibu na chakula chake. Kijana wa zamu akataka kumkemea, nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu, mshukuru." Kunguruma ni onyo, na onyo ni heshima. Mbwa anayekemewa kila anaponguruma hujifunza kuacha kunguruma, lakini ile hofu ya kunyang'anywa inabaki pale pale. Siku moja atauma bila kutoa ilani.

Sasa anakula kwenye pembe yake, Kijivu kwenye yake, na hakuna anayepita katikati. Mara moja kwa mlo, mtu anapita kwa mbali na kudondosha kipande kitamu kuliko kilichomo bakulini, bila kusimama. Umbali unapungua Mzee akiwa tayari. Juzi aliinua kichwa akasubiri kipande. Mwili wake ulikuwa laini, mkia chini ukitikisika polepole. Hatutaharakisha zaidi ya hapo.

Kwa Kijivu kanuni ni chache na hazivunjwi: hakuna kinachohamishwa mahali pake, mkeka wenye manyoya uko mbele ya maji, mkeka wa mpira uko mbele ya mlango, ili miguu yake imwambie alipo, na kabla ya kumgusa, mtu anasema jina lake na kusubiri sikio ligeuke.

Baada ya karantini: kukutana na Shaba

Siku 14 zimekwisha, vinyesi vimepimwa, hakuna anayekohoa. Shaba, jike wetu mkomavu mwenye subira, ndiye anayewapokea wageni wote. Harufu zilikutana kabla ya pua: kwa siku kadhaa mablanketi yalibadilishwa kati yake na Duma, na Duma alilala juu ya lile la Shaba bila kulikimbia.

Walikutania njiani, mahali ambapo hakuna mwenye kudai ni pake. Walitembea sambamba, kila mmoja na mtu wake, umbali mkubwa kati yao, kamba zimelegea. Kamba iliyokazwa humwambia mbwa kuna hatari. Duma alianza ameinama, akawa ananusa majani, kisha akanusa mahali Shaba alipokojoa, akakaa hapo kwa muda mrefu akisoma. Tukapunguza umbali. Walipokutana walikuja kwa upinde, ubavu kwa ubavu, wakanusana nyuma, na sisi tukahesabu sekunde chache tukawaita waachane kabla hali haijakaza. Mara ya pili Duma aliinamisha kifua chini, makalio juu, akimwalika Shaba mchezoni. Sikuwahi kumwona akifanya chochote kinachofanana na hicho. Shaba alikubali.

Jibu la sajili limerudi pia: chipu ilitolewa, lakini hakuna jina wala simu iliyowahi kuandikishwa juu yake. Namba bila jina haimrudishi mbwa nyumbani. Nawaomba wote wenye mbwa wenye chipu wakague kama taarifa zao zipo na kama simu bado ni yao. Tutaendelea kutangaza picha yake kwa muda unaotakiwa na taratibu. Asipojitokeza mtu, Duma atafungwa kizazi na kutafutiwa nyumba tulivu yenye mbwa mwingine mpole.

Kazi zilizo mbele

Tone na Tope wana chanjo ya pili wiki ijayo, na watahasiwa umri ukifika. Mzee na Kijivu wanatafutiwa familia moja itakayowachukua wote wawili. Maombi mawili ya kumchukua Mzee peke yake tumeyakataa kwa heshima. Familia itakayowapata itapewa blanketi lao, ramani ya mikeka ya Kijivu na maelezo ya kumpa Mzee nafasi anapokula, na itakubali kutokuwa na wageni nyumbani kwa siku za mwanzo. Meno ya Mzee yana ugaga mwingi na moja limelegea. Daktari atamsafisha akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, vipimo vya damu vya figo na ini vikirudi vizuri; kwa sasa chakula chake kinalowekwa maji ya uvuguvugu mpaka kilainike.